Kabla ya Betri, Karatasi: Kipimo cha Umeme wa Moyo na Bahati ya Mgonjwa wa Mbwera

Mgonjwa anayetoka Mbwera kwenda kumwona daktari bingwa wa moyo jijini Dar es Salaam huanza safari yake kwa kuuliza habari za maji. Yakiwa yamekupwa, boti haipiti katika vijito vya matope vya delta ya Rufiji; hana budi kungoja yajae. Akishavuka na kufika Nyamisati, hutafuta gari la kumtoa hadi barabara kuu, na kutoka hapo ndipo aelekee mjini. Kwa mtu mwenye afya hiyo ni safari ya kuchosha. Kwa mtu ambaye moyo wake umeshindwa kazi, anayelala ameegemea mito kwa sababu pumzi humkatika akilala chali, na ambaye miguu imejaa maji hadi magotini, ni mtihani. Tena haendi peke yake: nauli ni ya watu wawili, siku za shamba la mpunga zinapotea, na nyavu zinabaki zimekunjwa.

Tumfikirie mgonjwa wa namna hiyo. Si mtu halisi, bali ni mfano wa wengi: mzee wa miaka 58, mkulima, mwenye shinikizo la damu la miaka mingi. Amekunywa dawa kwa uaminifu, lakini bado hawezi kutoka nyumbani hadi gatini bila kupumzika mara tatu. Amesikia kwamba siku hizi kuna betri inayopandikizwa kifuani na kumrudishia mtu nguvu zake. Swali lake ni moja: nikienda kuwekewa, nitapata nafuu?

Makala haya yanaeleza kwamba sehemu kubwa ya jibu la swali hilo imo katika karatasi ya kipimo cha umeme wa moyo, ambacho ni chepesi, hakiumizi, na huchukua dakika chache tu. Anayejua kuisoma karatasi hiyo anaweza kumwokolea mgonjwa safari isiyo na faida. Anaweza pia kumhimiza afunge safari mtu ambaye angebaki nyumbani akidhani hana tena tumaini.

Moyo usiopiga kwa pamoja

Kila pigo la moyo huanza na umeme. Cheche ndogo hutoka katika chumba cha juu cha kulia, husambaa katika vyumba vya juu, hupumzika kidogo katika kituo kilicho katikati ya moyo, kisha hushuka kwa kasi kupitia matawi mawili: la kulia na la kushoto. Kwa njia hizo, vyumba viwili vya chini, yaani ventrikali, hupata amri karibu kwa wakati mmoja na kukaza kwa pamoja.

Tawi la kushoto likiziba, ventrikali ya kulia hupata amri yake mapema kama kawaida, lakini ya kushoto haipati. Umeme hulazimika kupenya polepole katika nyama yenyewe ya moyo, mfano wa msafiri ambaye kijito chake kimezibwa akalazimika kushuka na kutembea kwenye tope la mikoko. Atafika, lakini atachelewa. Ukuta unaotenganisha ventrikali mbili hukaza kwanza; ukuta wa nje wa kushoto hukaza baadaye, wakati ule wa kwanza umekwisha kulegea. Damu husukumwa huku na huko ndani ya chumba kimoja badala ya kutoka kwenda mwilini.

Wakazi wa delta hawahitaji maelezo marefu hapa. Watu wawili wenye nguvu wakipiga kafi kwa nyakati tofauti, mtumbwi huyumba na hauendi. Si nguvu iliyopungua. Ni mwafaka uliokosekana. Na moyo uliokwisha kudhoofika, ukikosa mwafaka huo kwa miezi na miaka, huzidi kutanuka na kuzidi kudhoofika.

Tiba ya kuoanisha mapigo ya moyo imekusudiwa tatizo hilo. Betri ndogo hupandikizwa chini ya ngozi, karibu na mfupa wa bega. Kwa kawaida nyaya tatu hutoka humo: moja huenda katika chumba cha juu cha kulia, ya pili katika ventrikali ya kulia, na ya tatu hupitishwa katika mshipa wa vena unaozunguka nyuma ya moyo hadi kufika nje ya ventrikali ya kushoto. Betri hutoa amri kwa pande zote mbili kwa wakati uliopangwa, na ventrikali hizo hurejea kukaza pamoja. Mwaka 1994 madaktari wa Ufaransa wakiongozwa na Serge Cazeau walichapisha taarifa ya mgonjwa waliyemwekea betri iliyoamuru vyumba vyote vinne vya moyo. Tangu hapo tiba hii imeenea duniani.

Majaribio yalifundisha nini

Jaribio la MIRACLE, lililochapishwa mwaka 2002 likiwa na wagonjwa 453, lilionyesha kwamba waliooanishiwa mapigo walitembea mbali zaidi na kuishi kwa unafuu zaidi. Mwaka 2005 lilifuata jaribio la CARE-HF la Ulaya, lenye wagonjwa 813. Katika muda wa wastani wa miezi 29 hivi, walifariki asilimia 20 ya waliopata tiba hii, ikilinganishwa na asilimia 30 ya waliotumia dawa peke yake. Ni tofauti kubwa kwa ugonjwa mgumu kama huu.

Hata hivyo, si kila aliyewekewa betri alinufaika. Katika utafiti ulioitwa PROSPECT, uliochapishwa mwaka 2008, hali ya jumla iliboreka kwa asilimia 69 ya wagonjwa, na moyo wenyewe ulipungua ukubwa kwa kiwango cha kuridhisha kwa asilimia 56 tu. Kwa maneno mengine, takriban mtu mmoja kati ya watatu alipitia upasuaji, gharama na hatari zake bila kuona faida aliyoitarajia.

Utafiti huohuo ulikuwa umekusudia kutafuta dalili za kumtambua mapema atakayenufaika, kwa kutumia kipimo cha eko. Kwa kuwa eko huonyesha kuta za moyo zikicheza, ilionekana ni busara kwamba ndiyo ingeonyesha kukosekana kwa mwafaka. Vigezo 12 vya eko vilipimwa katika vituo 53. Hakuna hata kimoja kilichotosha kutegemewa. Wapimaji wawili waliotazama picha ileile mara nyingi hawakupata jibu moja.

Somo zito zaidi lilikuja mwaka 2013 kutoka jaribio la EchoCRT. Wagonjwa 809 walichaguliwa ambao eko ilionyesha kwamba mioyo yao haikazi kwa pamoja, ingawa umeme wao ulipita haraka, chini ya milisekunde 130. Wote waliwekewa kifaa. Kwa nusu yao kikawashwa kazi ya kuoanisha, kwa nusu nyingine hakikuwashwa. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati wake. Katika kundi lililowashiwa walifariki watu 45, na katika lile lisilowashiwa walifariki 26. Kuulazimishia moyo mwafaka wa umeme usioukosa hakukusaidia, kulidhuru.

Hivyo madaktari wakarejea kwenye kipimo cha zamani kilichoasisiwa na Mholanzi Willem Einthoven mwanzoni mwa karne ya 20, kazi iliyompatia tuzo ya Nobel mwaka 1924.

Karatasi inasema nini

Karatasi ya kipimo cha umeme wa moyo ina miraba midogo ya milimita moja. Mashine ikiendeshwa kwa kasi ya kawaida ya milimita 25 kwa sekunde, kila mraba mdogo ni milisekunde 40. Wimbi refu lililo katikati ya kila pigo huitwa QRS, nalo ndilo alama ya umeme ukisambaa katika ventrikali. Katika moyo wenye njia nzima, wimbi hilo huchukua chini ya miraba mitatu. Likizidi miraba mitatu, umeme umechelewa mahali fulani.

Jambo la kwanza la kutazama ni upana. Miongozo ya Ulaya ya mwaka 2021 inapendekeza tiba hii kwa uzito mkubwa kabisa pale ambapo moyo umedhoofika kiasi cha kutoa asilimia 35 au pungufu ya damu iliyomo katika ventrikali ya kushoto kwa kila pigo, mgonjwa bado ana dalili licha ya dawa kamili, mdundo unatoka mahali pake pa asili, tawi la kushoto limeziba, na QRS imefikia milisekunde 150, yaani karibu miraba minne. Kati ya 130 na 149 tiba inafikiriwa. Chini ya 130 haipendekezwi, isipokuwa kwa mtu ambaye kwa sababu nyingine anahitaji betri ya kuuongoza moyo wake wakati wote.

Jambo la pili ni umbo. Jaribio la MADIT-CRT, lililokuwa na wagonjwa 1,820 na kuchapishwa mwaka 2009, lilipochambuliwa zaidi lilionyesha kwamba faida ilikwenda kwa wale ambao tawi la kushoto ndilo lililoziba. Waliokuwa na QRS pana kwa sababu nyingine, kama vile kuziba kwa tawi la kulia, hawakuonekana kunufaika. Wanawake walinufaika zaidi ya wanaume, hata QRS zao zikiwa nyembamba kidogo, kwa kuwa moyo wa mwanamke kwa kawaida ni mdogo zaidi na kuchelewa kulekule humaanisha kasoro kubwa zaidi.

Hapa ndipo msomaji wa Tanzania anapopaswa kusimama na kutafakari. Utafiti wa TaHeF, uliofanyika katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili chini ya uongozi wa Dkt. Abel Makubi na kuchapishwa mwaka 2014, ulifuatilia wagonjwa 427 wa moyo kushindwa kazi. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 55. Chanzo kikuu kilikuwa shinikizo la damu, kwa asilimia 45. Ugonjwa wa misuli ya moyo ulifuata kwa asilimia 28, na ugonjwa wa moyo utokanao na homa ya baridi yabisi kwa asilimia 12. Kuziba kwa mishipa ya damu ya moyo, ambako ndiko chanzo kikuu katika nchi nyingi tajiri, kulikuwa asilimia 9 tu.

Shinikizo la damu la muda mrefu hunenepesha nyama ya moyo. Umeme huchukua muda mrefu zaidi kuvuka ukuta mnene, hata kama tawi la kushoto ni zima. Matokeo yake, QRS huweza kupanuka na kufanana na ile ya tawi lililoziba bila kuwa ndiyo. Mwaka 2011 David Strauss na wenzake walieleza kwamba takriban theluthi moja ya watu wanaotajwa kuwa na tawi la kushoto lililoziba, kwa vigezo vya zamani, huenda hawana tatizo hilo. Wakapendekeza vigezo vikali zaidi: QRS ya angalau milisekunde 140 kwa mwanaume na 130 kwa mwanamke, wimbi linaloelekea chini katika mwelekeo wa V1, na katikati ya QRS pawe na pengo au nundu inayoonekana katika angalau mielekeo miwili kati ya I, aVL, V1, V2, V5 na V6. Pengo hilo ni alama ya umeme ukivuka kwa taabu kutoka ukuta wa kati hadi ukuta wa nje.

Kwa mzee wetu wa Mbwera, mwenye shinikizo la damu la miaka mingi, tofauti hii ndiyo yenye uamuzi. Namba iliyochapwa na mashine juu ya karatasi haitoshi. Ni lazima jicho la mtu litazame umbo.

Katika vituo vikubwa, kipimo hichohicho huchambuliwa kwa kompyuta ili kupata eneo la QRS, yaani jumla ya nguvu za umeme ambazo hazikufutana zikielekea upande mmoja. Eneo likiwa kubwa, kuchelewa kwa upande wa kushoto ni kwa kweli. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2018, uliohusisha wagonjwa 1,492, ulionyesha kwamba wenye eneo kubwa waliishi zaidi baada ya tiba kuliko wenye eneo dogo, na kigezo hicho kilibashiri vizuri kuliko upana peke yake. Hakihitaji kibandiko kipya wala sindano: ni karatasi ileile ya mielekeo 12, ikisomwa kwa undani zaidi.

Baada ya betri

Ubashiri hauishii siku ya upasuaji. Waya wa kushoto ukiwekwa mahali ambapo umeme huchelewa zaidi kufika, matumaini huongezeka. Ukitua kwenye kovu, hupungua. Karatasi ikipigwa baada ya kupandikizwa na QRS ikaonekana kuwa nyembamba kuliko kabla, ni dalili njema. Betri yenyewe huhifadhi hesabu ya mapigo iliyoyaongoza. Uchambuzi wa Marekani wa mwaka 2011, wa wagonjwa zaidi ya 36,000, ulionyesha kwamba walioishi zaidi ni wale ambao betri iliongoza zaidi ya asilimia 98 ya mapigo yao. Mpapatiko wa vyumba vya juu huiba mapigo hayo, na kwa hiyo hutakiwa kutafutwa na kutibiwa.

Kuna pia mgonjwa anayesahauliwa. Huyu aliwekewa betri ya waya mmoja katika ventrikali ya kulia kwa sababu moyo wake ulikuwa unapiga polepole mno. Betri ilimwokoa. Lakini kwa baadhi ya watu, amri inayotoka upande wa kulia kila siku husababisha upande wa kushoto uchelewe, kana kwamba tawi lake limeziba. Mtu huyo akirudi baada ya miaka akiwa na pumzi fupi na miguu iliyovimba, asiambiwe tu kwamba ni uzee. Apimwe upya.

Mlango ni mwembamba

Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015 katika eneo la Muhimbili, imewapunguzia Watanzania wengi safari za kwenda kutibiwa nje ya nchi, na betri za moyo hupandikizwa hapo. Hata hivyo bara letu lina upungufu mkubwa. Uchunguzi wa huduma za mapigo ya moyo barani Afrika, wa miaka 2011 hadi 2016, ulipata kwamba betri za moyo zilizopandikizwa zilikuwa kwa kiwango cha kati 2.66 kwa kila watu milioni moja kwa mwaka, kama mara 200 chini ya Ulaya. Betri ya kuoanisha mapigo ni ghali kuliko ya kawaida, huisha baada ya miaka kadhaa, na hudai kliniki ya ufuatiliaji. Mahali ambapo vifaa ni vichache, kumwekea asiyeweza kunufaika ni kumnyima mwingine anayeweza.

Ikumbukwe pia kwamba majaribio makubwa tuliyoyataja yalifanyika zaidi Ulaya na Amerika Kaskazini. Wagonjwa wetu ni vijana zaidi, na chanzo cha ugonjwa wao ni kingine. Hiyo ni sababu ya kila kituo kinachopandikiza kuhifadhi karatasi za kabla na za baada, ili siku moja ubashiri wetu utokane na mioyo ya watu wetu.

Kwa mhudumu wa afya

Mgonjwa mwenye moyo ulioshindwa kazi apelekwe kwenye kipimo cha umeme wa moyo katika hospitali ya karibu yenye mashine, kabla ya kufikiriwa safari ya Dar es Salaam. Hakikisha karatasi ina jina, tarehe na kasi ya mashine. Ikiwa kasi ni milimita 50 kwa sekunde, kila wimbi litaonekana pana mara mbili, na asiyejua atadanganyika. Karatasi nyingi za mashine hizi ni za joto, nazo hufifia, hasa katika hewa yenye unyevu kama ya delta. Ipigwe picha iliyo wazi, miraba ikionekana, na itolewe nakala.

Hesabu miraba, tazama umbo, kisha uandike yote mawili katika barua ya rufaa. Eleza dawa zinazotumika, dozi zake, na tangu lini. Tiba ya kuoanisha hufikiriwa baada ya angalau miezi mitatu ya dawa kamili, kwa sababu mioyo mingine hurejea yenyewe, hasa ya wanawake waliougua karibu na wakati wa kujifungua. Mgonjwa ambaye QRS yake ni nyembamba asiahidiwe betri hii. Anahitaji dawa zake ziongezwe kwa uangalifu, shinikizo lidhibitiwe na chumvi ipunguzwe. Mwenye QRS pana yenye umbo la tawi la kushoto asicheleweshwe.

Kwa mgonjwa na jamaa zake

Kama umepimwa umeme wa moyo, omba nakala na uitunze pamoja na kadi yako. Usiache dawa kwa kungoja betri, wala usiziache baada ya kuwekewa: betri haichukui nafasi ya dawa. Uliza maswali manne. Moyo wangu unatoa asilimia ngapi ya damu kwa kila pigo? Umeme wangu umechelewa kiasi gani, na je, ni upande wa kushoto? Nikiwekewa, nitafuatiliwa wapi na mara ngapi? Betri ikiisha, itabadilishwa kwa gharama ya nani?

Jibu la kweli kwa mzee wetu litakuwa kama hili: "Mzee wangu, siwezi kukuahidi kupona. Lakini karatasi yako inaonyesha upande wa kushoto wa moyo wako unachelewa sana kupata amri, na watu wenye karatasi kama yako wengi wao hupata nafuu, ingawa si wote. Safari hii inastahili." Au karatasi ikiwa nyingine: "Mzee wangu, betri hiyo haitakufaa, na huenda ikakudhuru. Fedha zako zitunze kwa ajili ya dawa. Rudi baada ya wiki mbili tukupime uzito na shinikizo."

Majibu yote mawili ni tiba. Na yote mawili yanaweza kutolewa kabla mzee hajaanza kuuliza habari za maji.